Badilisha Mpira, Acha Uso

Kitu cha bei ya chini kuliko vyote ndani ya saa ya kuzamia ni mpira. Vipete vichache vyeusi, vyembamba, ambavyo mtu akivikuta sakafuni atavifagia na kuendelea na shughuli zake. Lakini ndivyo vinavyoyazuia maji yasiingie ndani, na ndivyo vinavyokufa kwanza. Chuma cha pua kinavumilia. Vito vinavyoshika mihimili ya mashine haviozi. Mashine ikisafishwa na kutiwa mafuta kwa wakati wake, itapiga hata baada ya aliyeinunua kusahaulika. Mpira haungoji mtu. Uivae saa au usiivae, uizamishe au uifungie kabatini, mpira unakauka na kupasuka, au unayeyuka na kuwa utando mweusi unaonata vidoleni.

Naanza na hilo kwa sababu kila anayeiona saa yangu huniuliza habari za kitu kingine. Huuliza mbona kioo kina mikwaruzo, mbona zile nukta za usoni zimegeuka rangi ya samli, mbona pete ya nje imepauka. "Si uitengeneze?" Nimeshaitengeneza. Kazi kubwa imefanyika mahali ambapo muulizaji hapaoni, na pale anapopaona niliomba pasiguswe.

Saa yenyewe ni Seiko yenye namba 6309-7040 mgongoni. Modeli hii ilitengenezwa Japani kati ya 1976 na 1988. Ndugu yake, 6309-7049, aliuzwa zaidi Amerika ya Kaskazini. Kasha lina upana wa milimita 45 hivi, mviringo mnene uliofura pembeni, ndiyo maana wapenzi wa saa wakaibatiza jina la kobe. Ufunguo wa kurekebishia haukai katikati ya ubavu kama ilivyo kawaida. Umeshushwa hadi mkabala wa saa kumi (kwa hesabu yetu, si ya Wazungu), umejikinga ndani ya unene wa kasha usije ukachoma mgongo wa kiganja, na hufungwa kwa kukazwa kwa hesi. Usoni pameandikwa kwamba inahimili maji ya mita 150. Nyuma pamechongwa wimbi.

Ilikuwa ya mjomba wangu, aliyekwenda Maskati kutafuta maisha kama Wazanzibari wengi wa rika lake, na akaishia kutengeneza mashine za boti. Aliinunua Matrah, hukohuko Maskati. Hilo halihitaji risiti: kidirisha cha siku kinaandika kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, na Seiko walizitengeneza pete za siku za namna hiyo kwa ajili ya masoko ya Kiarabu. Mjomba hakuwahi kuzamia na mtungi mgongoni maisha yake yote. Aliingiza mkono kwenye maji machafu chini ya injini, akaosha dizeli kwa petroli, akaoga na saa, akalala nayo. Kwangu hayo ni matumizi makali kuliko ya mtalii anayeshuka mita kumi na tano Mnemba kutazama samaki kisha anarudi kuosha vifaa vyake kwa maji baridi.

Haikuwa saa ya kitajiri, na hilo ndilo lililoiponza. Saa ya kitajiri hufungiwa. Hizi zilivaliwa kweli kweli, zikafunguliwa na kila mwenye bisibisi, zikafungwa bila mpira mpya, zikabadilishwa uso na akrabu kwa chochote kilichopatikana. Leo ukiingia sokoni kutafuta 6309, nyingi utakazoonyeshwa zimeunganishwa kutoka saa tatu au nne tofauti. Ya mjomba ilikuwa na bahati ya kuwa na mwenyewe bahili. Alikuwa hapeleki saa kwa fundi mpaka isimame kabisa.

Umri wake unasomeka kwenye kifuniko cha nyuma. Namba ya mfululizo ina tarakimu sita. Ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi, na kwa miezi mitatu ya mwisho wanatumia herufi O, N na D. Yangu inaanza na 94, yaani Aprili ya mwaka unaoishia na tisa, na kwa kuwa modeli hii haikufika 1989, basi ni 1979. Mwenye saa inayoanza na 7 ana kazi zaidi, maana inaweza kuwa ya 1977 au 1987, na itabidi aangalie mambo mengine kupata jibu.

Niseme kidogo habari za maji na saa, maana bila hayo mpira hauna maana. Rolex walitoa kasha lao lisiloingiza maji, Oyster, mwaka 1926, na Oktoba 1927 muogeleaji Mwingereza Mercedes Gleitze akaingia kuogelea katika mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa akiwa na saa hiyo shingoni. Baridi ilimshinda kabla hajamaliza, saa haikushindwa. Saa za wazamiaji kwa sura tunayoijua zilifika 1953, Blancpain na Fifty Fathoms yao, Rolex na Submariner yao. Seiko walichelewa, saa yao ya kwanza ya kuzamia ni ya 1965.

Miaka mitatu baadaye, 1968, mzamiaji wa kazi kutoka Kure, mkoa wa Hiroshima, aliwaandikia barua ya malalamiko. Alikuwa akifanya kazi kwenye vilindi vya zaidi ya mita 300, akiishi siku nyingi ndani ya chumba cha shinikizo chenye hewa ya heli, na saa zilikuwa hazimwendei. Heli ni gesi ya chembe ndogo mno. Inapenya kwenye mpira ambao maji hayawezi kuupita, inakaa ndani ya saa, na mzamiaji anapopunguziwa shinikizo ili arudi juu, gesi ile inatafuta pa kutokea na kukirusha kioo. Waswisi walitatua kwa kutoboa kasha na kuweka valvu ya kuitoa. Seiko walikwenda njia nyingine. Mhandisi Ikuo Tokunaga na wenzake walikaa na tatizo hilo miaka saba, na mwaka 1975 wakatoa saa ya mita 600 yenye kasha la titani lisilo na kifuniko cha nyuma, na gasketi (ndiyo mpira wa kuzibia) yenye umbo la herufi L iliyozuia heli isiingie tangu mwanzo. Hakuna valvu. Walimaliza kesi kwa mpira.

Modeli ya saa ya mjomba ilianza kutoka mwaka mmoja baada ya hiyo, kwa ajili ya watu wa kawaida. Gasketi zake ni za kawaida pia. Lakini imetoka mikononi mwa kiwanda kilekile cha Suwa, na mtu akiifungua anaona waliokuwa wakiisanifu walilifikiria kila tundu ambalo maji yangeweza kuingilia.

Fundi wangu ana kibanda Darajani, Unguja. Ni mtu mzima, mpole, na ana maneno machache ya kumtosha kazi. Nilipompelekea saa aliigeuza, akaitikisa karibu na sikio, akanirudishia.

"Hii sifungui hapa, mwanangu. Hewa ya hapa ina maji."

Alikuwa sahihi, na wengi hawalijui hili. Ukifunga saa katika hewa ya unyevu, unaifungia unyevu ndani. Hakuna gasketi itakayokusaidia, maana adui ameshalala chumbani. Siku utakayoingia ofisi yenye kiyoyozi, au utakapochovya mkono kwenye maji baridi, kioo kitapoa kuliko hewa ya ndani na ukungu utajikusanya upande wa chini wa kioo, na wewe utamlaumu fundi kuwa hakukaza vizuri. Tulisubiri mpaka Januari, kaskazi inavuma na masika bado iko mbali, na kazi ikafanyika nyumbani kwake, katika chumba kilichokuwa na kiyoyozi tangu asubuhi. Alinikubalia nikae, kwa sharti nisipumulie meza.

Kifuniko cha nyuma kilitoka kwa tabu. Gasketi yake ilikuwa imebonyezwa mpaka imekuwa bapa, ngumu, na vipande vimeganda kwenye mfereji wake. Mpira uliomo ndani ya ufunguo ulitolewa kwa sindano, vipande vipande. Wa kioo ulikuwa na nafuu. Wa chini ya pete ya nje haukuwapo kabisa. Palikuwa na uchafu mgumu wa kijivu uliofanya kazi yake, mchanganyiko wa chumvi, sabuni na ngozi ya mjomba. Fundi aliipandisha pete ile taratibu sana, kiganja kimeukinga upande mmoja, kwa sababu chini yake kuna kigololi kidogo na springi yake vinavyotoa ule mlio wa kuhesabu, na vikiruka huvipati tena.

Baada ya kusafisha mfereji wa gasketi ya nyuma alinipa lupu, kile kioo cha kukuzia, nitazame. Hapo ndipo moyo ulipofanya baridi. Kwenye chuma kulikuwa na vishimo vidogo, hasa upande ulio karibu na ufunguo. Watu hudhani chuma cha pua hakishiki kutu. Kinashika, na hupenda kushika mahali pasipoonekana. Kinachokikinga ni utando mwembamba sana unaojijenga wenyewe kwa hewa ya oksijeni. Mahali ambapo maji ya chumvi yamekwama na oksijeni haifiki, kama vile chini ya mpira, utando ule unashindwa kujiponya na kloridi ya chumvi inatoboa. Ndiyo maana saa inaweza kung'aa juu ikawa inaliwa chini. Vishimo vikifika kwenye ukingo ambao gasketi inaukalia, gasketi mpya ya bei yoyote haitaziba, kwa kuwa maji yatapita pembeni yake. Wenye uwezo hujaza kwa kuchomelea kwa leza kisha wakasawazisha. Vya kwangu vilikuwa vimeishia ukutani mwa mfereji bila kuufikia ukingo. Fundi alivisugua kwa kijiti cha mti, akasuuza, akakausha, akasuuza tena.

Mashine yenyewe haikuwa na kisa kikubwa. Kalibre 6309, yaani aina ya mashine iliyomo, ni kazi rahisi kwa maana nzuri ya neno: vito 17, mapigo 21,600 kwa saa, haijazwi kwa mkono, na akrabu ya sekunde haisimami ukivuta ufunguo. Inajijaza kwa uzito wa nusu duara unaozunguka ukitembea, na nguvu ile hufikishwa kwenye springi kuu na mkono wenye makucha mawili ambao Seiko wanautumia tangu 1959. Moja linavuta na jingine linasukuma, kwa zamu, kwa hiyo uzito uzunguke upande wowote saa inajaa. Vipande vichache, na vyote vinatengenezeka.

Mafuta ndiyo yaliyokuwa yamekwisha. Mapigo 21,600 kwa saa ni zaidi ya milioni 189 kwa mwaka, na saa hii ilivaliwa miaka mingi ikiwa imekauka. Saa kavu haisimami mara moja, na hilo ndilo baya lake. Inaendelea kutembea huku chuma kinakula chuma, na unga wake unakuwa msasa. Sehemu inayoumia kwanza kwenye mashine hizi ni matundu yanayoshika mhimili wa pipa la springi kuu, kwa sababu hayana vito. Yalikuwa yamelika kidogo, si cha kubadilisha. Fundi alifungua kila kitu, akaosha, akakausha, akatia mafuta kwa ncha ya sindano: mepesi kwa magurudumu ya kasi, mazito upande wa pipa, mengine yaliyotengenezwa maalumu kwa ajili ya vito vya uma unaoachia gurudumu jino moja moja. Kwenye kuta za ndani za pipa aliweka grisi ya kuzuia, maana springi ya saa ya kujijaza haikufungwa mwisho wake; lazima iteleze ikishajaa, lakini isiteleze mapema. Mihimili ya ule uma haikuguswa na mafuta hata tone. Anayetia mafuta pale anaonyesha kuwa hakufundishwa.

Mabishano yetu yalikuwa juu ya uso.

Fundi alikuwa na uso mpya, mweusi, mzuri, kutoka kiwanda kisicho cha Seiko. Akaniwekea juu ya meza kando ya ule wa mjomba. Ule wa mjomba una doa karibu na alama ya saa tisa, na rangi ya kung'aa gizani imekuwa ya samli na haing'ai tena. Kwa macho ya duka, hapakuwa na ubishi. Alinihakikishia kwamba wateja wake wote wanachagua mpya, na hakuwa anadanganya; anajua kazi anayoiuza na watu wanaoinunua.

Nilimjibu kuwa mpya nitaupata wakati wowote, wa zamani sitaupata tena. Na si suala la mapenzi ya mjomba peke yake. Uso wa asili ndio unaoitambulisha saa. Chini kabisa, pande mbili za saa kumi na mbili yetu, kuna maandishi madogo mno yenye namba ya modeli, na wanaoijua 6309 huanzia hapo: herufi zake ni nyembamba na kali, za kuiga huwa nene au zimekaa kombo. Ukishautoa uso wa asili ukauacha kwenye droo ya fundi, kilichobaki mkononi ni kasha lenye mashine, na historia yake imehamia mahali pengine. Sokoni pia hali ni hiyohiyo. Mnunuzi anayejua atalipa zaidi kwa uso wenye madoa kuliko kwa mpya wa kuiga. Lakini hiyo si hoja niliyoitumia, kwa kuwa saa hii haiuzwi.

Tulipatana katikati. Rangi ya zamani kwenye akrabu ilikuwa imeanza kumeguka, na chembe zake zikiangukia mashine zinaisimamisha. Fundi aliipaka gundi nyembamba kwa nyuma, upande usioonekana, ikashika. Haing'ai, lakini haimwagiki. Angeweza kuikwangua na kupaka ile ya kisasa ya strontiamu ambayo kampuni ya Nemoto ya Japani iliigundua 1993, inayowaka usiku kucha. Sikutaka. Usiku nina simu.

Hapa niweke onyo ambalo halihusu saa yangu bali saa za zamani zaidi. Kabla ya miaka ya 1960, saa nyingi za kijeshi na za kuzamia zilipakwa radiamu ili zing'ae. Baada ya miaka mingi hazing'ai tena, na mtu hudhani sumu imekwisha. Kilichokwisha ni ile kemikali inayotoa mwanga. Radiamu-226 yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Ikiwa ndani ya saa iliyofungwa mkononi haina kishindo kikubwa, ila vumbi lake likivutwa puani ni habari nyingine. Wasichana waliopaka nyuso za saa kwa radiamu huko Orange, New Jersey, kuanzia 1917, walifundishwa kunyoosha ncha za brashi kwa midomo, na wengi wao waliugua mifupa ya taya na kufa. Kwa hiyo ukipata saa ya babu ya enzi zile, usiifungue juu ya meza ya chakula, usiikwangue, usiipulize. Iliyoandikwa herufi T chini ya uso kwa kawaida ni tritiamu, ambayo hupungua nusu kila miaka 12.3 na ina madhara madogo zaidi.

Kasha nalo liliachwa. Fundi alikuwa na mashine ya polishi na nia njema. Sehemu ya juu ya kasha la 6309 ina mistari myembamba inayotawanyika kutoka katikati, na pembeni ni laini ya kuakisi, na kati ya hizo mbili kuna ukingo mkali. Ukingo ule ndio sura ya saa. Kupiga polishi ni sawa na kukuna nazi: kila mzunguko kinatoka kitu ambacho hakirudi, na ukipitiliza unafika kwenye kifuu. Nimeona 6309 zilizosuguliwa mara tatu nne, zimekuwa mviringo kila upande, zinang'aa, na hazina sura. Mikwaruzo ya mjomba ni ya mjomba. Kasha lilioshwa kwa maji ya sabuni na mswaki laini, basi. Kioo pia tulikiacha. Ni kile cha Seiko kiitwacho Hardlex, kinene na bapa, na mikwaruzo yake haizuii kusoma saa.

Kisha mpira. Hapa sikubana senti. Gasketi zote mpya, za kipimo chake hasa, kila moja imepakwa grisi ya silikoni kidogo tu, ya kuifanya iteleze na kukaa sawa wakati kifuniko kinakazwa. Grisi haizibi maji. Kazi yake ni kuuzuia mpira usijikunje wala usikauke. Kuna mafundi wanaorudisha gasketi ya zamani na kuizungushia grisi nyingi. Saa itapita mtihani wa bomba la maji siku hiyo, na mwezi ujao itakuwa imejaa ukungu.

Kupimwa ilibidi ivuke bahari, kwa fundi wa Dar mwenye chombo cha shinikizo. Kwanza kipimo cha kavu, bila maji: saa hufungiwa ndani ya chumba kidogo, hewa inasukumwa, na chombo kinapima kama kasha linabonyea na kubaki limebonyea. Likirudi polepole wakati shinikizo halijabadilika, maana yake hewa inaingia ndani. Hii ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu saa ikishindwa haijalowa. Kuna na ile ya maji, saa inaning'inizwa juu ya maji, shinikizo linapandishwa, inazamishwa, kisha shinikizo linashushwa, na ikitoa mapovu unajua inavuja na wapi. Tuliipima kwa shinikizo dogo tu. Kila mita 10 za bahari huongeza karibu angahewa moja, kwa hiyo mita 150 ni angahewa 15 juu ya ile tunayoishi nayo, na sikuona sababu ya kuubebesha mwili wa 1979 mzigo huo ili kuthibitisha maandishi ya usoni. Ilipita.

Je, inaingia baharini? Haingii, na binamu yangu ananicheka kwa hilo kila tukienda Nungwi. Saa ya kuzamia isiyozamia! Hoja yangu ni kwamba pwani hatuhitaji kuzamia ili maji yaiingie saa. Jasho ni maji ya chumvi. Hewa ya masika ni maji. Kutoka jikoni penye mvuke hadi kwenye kiyoyozi cha gari ni mtihani tosha. Bafu la maji ya moto ni baya kuliko bahari ya vuguvugu, kwa kuwa joto hutanua chuma na mpira kwa viwango tofauti na sabuni hulainisha njia. Kwa hiyo naiziba saa hii sawasawa na ambaye kesho anashuka mita thelathini, kisha naivaa kwenda msikitini na sokoni. Pete ya nje naitumia kupimia wali ulioko kwenye jiko la mkaa na muda wa boti. Inazunguka pande zote mbili, jambo ambalo mzamiaji wa leo asingelikubali, maana pete ikigongwa ikarudi nyuma inamdanganya kuwa ana hewa zaidi ya aliyonayo. Wali hauna hatari hiyo.

Matunzo mengine ni madogo. Nikitoka juani na jasho naifuta kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, na nahakikisha ufunguo umekazwa kabla ya tone la kwanza. Tarehe sibadilishi usiku, kuanzia saa tatu hadi saa kumi ya alfajiri, kwa sababu meno ya kalenda yanakuwa yameshaanza kushikana na kulazimisha ni kuyavunja. Isipovaliwa inakaa kwenye kopo lenye vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu, ambavyo navikausha juu ya moto mdogo vikichoka. Mara kwa mara naitoa naitikisa itembee siku moja mbili. Mkanda wa mpira ambao saa ilikuja nao ulishakatika zamani. Nimeweka wa nailoni, unaopita chini ya saa kwa kipande kimoja, ili pini moja ikifyatuka saa ibaki mkononi.

Kilichobaki ni vipuri, na hapa nina siri nitakayoitoa kwa shingo upande. Kalibre 6309 haikutumika kwenye saa za kuzamia peke yake. Seiko waliiweka pia ndani ya Seiko 5 nyingi za kawaida, zile nyembamba za rangi ya fedha walizovaa walimu na makarani, na bado zinapatikana kwenye meza za mitumba kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Pete za siku na tarehe zinaweza zisilingane, kwa kuwa huchapwa kufuata mahali ufunguo ulipokaa, lakini magurudumu, uma, uzito wa kujazia na daraja la pipa vinaingia bila ugomvi. Siku matundu yale yatakapolika kupita kiasi, nitahitaji moja. Ukiigeuza ukaona 6309 mgongoni, kisha tarakimu nne nyingine, chukua. Kama ni Darajani, muulize kwanza fundi, maana nimeshamwachia pesa ya moja na sijui kama ameipata.